Kopi Tatu, Sanduku Moja

Kufuli lilikuwa limepigwa nyundo, na hilo halikuhitaji polisi kulisema. Hata asiyeona angelipapasa akajua. Lakini Mkaguzi Efrazia alilishika muda mrefu, akaligeuza juani, akalipuliza vumbi, akaligeuza tena, mpaka Koplo Khalfani akaweka chini kikombe chake cha chai ya rangi na kuja kuona kulikoni.

"Afande, hilo limeshakufa," alisema. "Tuliombee dua, tuendelee."

"Limekufa, ndiyo. Nataka kujua limekufa likiwa limefungwa au likiwa wazi."

Khalfani alikuwa mtu wa Mlandizi, yeye na baba yake na babu yake, na miaka yote ya upolisi haikumtoa utani. Efrazia yeye alikuja Pwani kwa uhamisho akitokea bara, akakaa, akazoea. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishika kitu hakiachi mpaka kimwambie kitu.

Walikuwa kambini kwa wanaakiolojia, kwenye mikorosho iliyozeeka, nje kidogo ya kijiji kimoja cha kata ya Msimbu. Wataalamu hao walikuwa wakichimbua mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha chuma. Kambi yenyewe ilikuwa mahema, turubai la kulia chakula, paneli ya sola, na sanduku la bati, lile lile wanalobeba wanafunzi wa bweni, la kutunzia vitu vya thamani. Ijumaa mchana sanduku hilo lilikutwa wazi. Kompyuta ya mapajani ilikuwa haipo, na diski mbili za kuhifadhia kazi nazo hazipo. Jumamosi polisi walimchukua mlinzi wa kambi, Salumu, mwenyeji wa pale pale kijijini. Na leo Jumatatu Efrazia ametumwa kutoka Kibaha, ofisi ya upelelezi ya mkoa, aje kumalizia jalada ili kesho asubuhi Salumu asomewe shtaka.

Mkubwa wake alimwambia ni kazi ya nusu siku. Mlinzi alikuwepo, mlinzi hakuona, basi mlinzi ndiye. Efrazia hakupenda hesabu inayotoka upesi namna hiyo, lakini alijibu "ndiyo afande" kama anavyojibu kila mtu, akapanda gari.

Kiongozi wa wachimbaji aliitwa Dokta Leodegar, mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Efrazia alimtaka aanze mwanzo, aeleze hizo diski zilikuwa na nini cha kuibwa. Dokta akaeleza kwa utaratibu kama yuko darasani. Kila jioni picha zilizopigwa mashimoni, michoro na vipimo viliingizwa kwenye kompyuta, kisha vikanakiliwa kwenye diski ndogo inayokaa kambini. Diski ya pili ilikaa Kibaha, kwenye nyumba waliyopanga, na hiyo aliibeba yeye mwenyewe. Kopi tatu, sehemu mbalimbali, ili hema likiungua au gari likitumbukia, kazi isipotee. Kuzipandisha mtandaoni haikuwezekana, kwani mtandao wa pale mpaka upande kichuguu ndipo uupate, na ukiupata hauwezi kubeba picha nzito kama zile.

"Memori kadi za kamera je?" Efrazia aliuliza.

"Zinafutwa kila zikishanakiliwa. Tunazo chache." Dokta akavua miwani. "Afande, kuchimba ni kuharibu. Udongo ukishautoa huurudishi ulivyokuwa. Kinachobaki ni picha na vipimo. Vikipotea hivyo, sisi na wezi wa makaburi hatuna tofauti."

"Nimekuelewa. Sasa nieleze, kopi zinazokaa sehemu mbalimbali zimeibwaje zote kwenye sanduku moja?"

Dokta aliifuta miwani kwa shati. Kisha akasema Ijumaa ndiyo siku ya kuziweka sawa. Kila Ijumaa asubuhi aliileta diski ya Kibaha, ikaongezewa kazi za wiki, na Jumamosi akarudi nayo. Kwa siku hiyo moja zote zilikuwa pamoja.

"Kwa hiyo kila Ijumaa," Efrazia alisema, "kopi zenu tatu zinalala kitanda kimoja."

Khalfani alikohoa, akaangalia mikorosho. Dokta aliivaa miwani yake.

Efrazia akamuuliza ni nini kilichoachwa ndani ya sanduku. Iliachwa kamera, tena kamera ya maana. Kiliachwa kipimo cha ardhi cha miguu mitatu, ambacho bei yake mtu hutajiwa akiwa amekaa. Na pembeni pale, bila hata kufungwa, iliachwa betri ya sola. Efrazia na Khalfani walitazamana. Wezi wa betri za sola walikuwa wanawajua kwa majina na majina ya mama zao. Hakuna hata mmoja ambaye angeipita betri ile akachukua kitu cha ukubwa wa pakiti ya biskuti.

Ndipo Efrazia akaliinua tena kufuli, akamwonyesha Khalfani. Ule mkono wa chuma uliopinda ulikuwa na makovu ya nyundo mpaka kwenye ncha yake, ile ncha ambayo kufuli likifungwa huzama ndani ya tumbo la kufuli na haionekani.

"Nyundo imeifikiaje hapa?" aliuliza taratibu.

Khalfani akalitazama, akaacha utani. "Lilifunguliwa kwanza. Ndiyo likapigwa."

"Kwa ufunguo. Funguo anazo nani?"

Zilikuwa mbili. Moja ya Dokta Leodegar mwenyewe, nyingine ya msaidizi wake, Evance, aliyeshughulikia kompyuta na kumbukumbu zote. Salumu alilinda sanduku lakini ufunguo hakupewa. Dokta Ijumaa mchana alikuwa Masaki, kata ya jirani, kwa mtendaji wa kata, pamoja na mwanafunzi wake Jenifa, na mtendaji alikuwa ameshathibitisha kwa simu. Vibarua wote walikuwa wamekwenda kuswali. Evance alibaki hemani anaumwa kichwa. Hilo Efrazia aliliweka moyoni, hakulisema.

Kambi nzima ilikuwa na mtu wake wa kumtuhumu, naye alijileta mwenyewe kwa pikipiki kabla hajaitwa. Aliitwa Mwinjuma, ana kibali cha kuchimba mchanga eneo lile lile, ila amezuiwa mpaka wataalamu wamalize. Mara mbili alishagombana na Dokta mbele ya watu, na mara ya pili alitamka kwamba vigae vyao vya vyungu vya kale atavisaga awatengenezee kokoto. Jenifa alimweleza Efrazia hayo kwa kunong'ona.

"Uliyasema hayo?" Efrazia akamuuliza Mwinjuma.

"Niliyasema. Na ningeyasema tena, malori yangu yamekaa." Mwinjuma hakuwa mtu wa kuzunguka. "Lakini fikiri, mama. Hawa wakimaliza, mimi naanza kazi. Wakiibiwa, wanaanza upya. Sasa Dokta anazungumzia msimu mwingine mzima. Mimi ningewaibia ili nikae njaa?"

Efrazia alimuuliza Ijumaa mchana alikuwa wapi. Alikuwa msikitini, safu ya pili, na aliyekaa mbele yake alikuwa Salumu baada ya kuadhini. Aliyasema hayo bila kutambua kwamba amemtetea mtu. Efrazia akamshukuru, akamwacha aende na pikipiki yake.

Jenifa akampeleka kuona mashimo. La kwanza lilikuwa wazi, kuta zake zimenyooka, matabaka ya udongo yanaonekana, jekundu, jeusi, jekundu tena, na vipande vya mavi ya chuma, masalio ya kuyeyusha, vimechomoza. La pili lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa. Jenifa alisema hilo la pili ndilo lililokuwa na tanuri zima la kuyeyushia chuma, kazi ya wiki nyingi. Lilikuwa limeshaanza kufukiwa kidogo chini ili kuta zisibomoke, na Jumamosi vibarua wakalimalizia.

"Jumamosi, baada ya wizi?"

"Ndiyo. Dokta alikuwa kituoni. Kaka Evance akawaambia wamalize."

Efrazia alisimama pale akiangalia ule udongo mpya. Aliuliza pia kuhusu mifuko ya vigae, kwa sababu mingine ilikuwa na lebo za kuandikwa kwa mkono na mingine lebo za kuchapwa, na kambini hapakuwa na mashine ya kuchapa. Jenifa akasema hizo za kuchapwa Evance alikwenda kuzitoa Kibaha Alhamisi.

Kutoka hapo walikwenda kituoni alikoshikiliwa Salumu. Nje kwenye benchi alikaa mkewe, Swaumu, na hotipoti miguuni. Tangu Jumamosi alikuwa akija na chakula na kurudi na chombo nusu hakijaliwa. Hakuomba kitu. Aliinuka, akaamkiana na Efrazia, akakaa tena.

Salumu alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, shati limenyooshwa vizuri juu ya magoti kama mtu anayetarajia wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama. "Wewe wa kwanza kuniamkia tangu niletwe."

Efrazia alimtaka asimulie Ijumaa, naye akasimulia bila kupamba. Siku zote huondoka kwenda msikitini muda ukikaribia, kwani yeye ndiye muadhini. Ijumaa hiyo Evance alimwambia aende mapema, asiharakishe, yeye yupo. Akaenda. Aliporudi akakuta sanduku wazi na kufuli chini, Evance amelala hemani. Aliyepiga kelele ni yeye Salumu. Aliyemwamsha Evance ni yeye.

"Na kabla ya Ijumaa hukuona jambo lisilo la kawaida?"

Salumu alifikiri. Alhamisi, alisema, Evance alipanda bodaboda kwenda Kibaha, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na ile diski ya kambini. Flashi yake alikuwa ameipoteza. "Nikamwambia, kijana, hicho si ndicho kisichotoka hapa? Akacheka. Akasema, mzee usiwe polisi."

Khalfani aliinamisha uso. Efrazia hakucheka.

"Mzee, kesho asubuhi unatakiwa mahakamani. Kuna kitu unataka nijue?"

"Swaumu ameniambia tangu Jumamosi anaadhini Saidi, mwenzangu wa msikitini," Salumu alisema. "Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemkataza. Mimi nimeita watu kuswali pale tangu kidevu hiki hakina mvi. Mkiniachia kesho kwa kukosa ushahidi tu, nikisimama kuadhini, nani ataitika? Watasema mwizi anatuita."

Efrazia aliliandika na hilo, akafunga daftari. Alitoka nje akamtuma Khalfani Kibaha kwa pikipiki, akaulize steshenari zote za Maili Moja ni ipi iliyochapa lebo za vigae siku ya Alhamisi. Yeye akabaki kivulini, akiyapanga maneno ya Salumu na ya Jenifa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata fupi lazima uitembee.

Khalfani alipiga simu jua likiwa limeanza kulegea. Aliipata. Mwenye steshenari anaitwa Faudhia, anamkumbuka kijana mrefu mwenye haraka, aliyechomeka kidude cheusi kwenye mashine, akachapa lebo, akakimbia bodaboda isimwache.

"Kuna lingine, afande. Na mimi nimechomeka flashi yangu nichape fomu yetu moja. Imerudi folda zote zina mishale, nikibonyeza hakuna kinachofunguka. Namwuliza dada, anasema virusi vinaletwa na wateja. Wateja nje wanasema vinatoka kwake. Hapa nusura wapigane."

"Mishale midogo, pembeni ya kila folda?"

"Hiyo hiyo. Mafaili yangu yote yamekwenda, afande."

"Hayajaenda kokote," Efrazia alisema. "Usifute kitu. Rudi."

Alivifahamu virusi vile. Mwaka uliopita vilitembelea ofisi yao wenyewe, maelezo ya mashahidi wa kesi nzima yakageuka mishale, na mkubwa wao akataka kulia mbele ya watu. Kisha fundi wa kompyuta akaja, akabonyeza hapa na pale, maelezo yote yakarudi. Virusi vya shotikati havili mafaili. Vinayaficha, vinaweka mshale mahali pake, basi. Efrazia alikumbuka aibu ya siku ile, na akaelewa aibu ya mtu mwingine ingeweza kumfikisha wapi.

Walirudi kambini pamoja. Evance alikuwa chini ya turubai na Dokta na Jenifa, wanapanga vigae. Kijana mzuri, mstaarabu, anaongea kwa upole, na tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akiwapikia polisi chai. Efrazia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso kwa uso naye.

"Kaka Evance, kabla hujasema lolote, jua nitakachosikia nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Jumamosi asubuhi ulijua picha zote za shimo la pili zimepotea."

"Ndiyo."

"Shimo lenyewe lilikuwa bado wazi. Tanuri linaonekana."

"Ndiyo."

"Mtu aliyepoteza picha, na kilichopigwa picha bado kipo mbele yake, anafanya nini?"

Evance alitazama vigae. Aliyejibu ni Dokta, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeamka. "Anapiga tena."

"Wewe ulifukia," Efrazia alimwambia Evance. "Mwizi hakukutuma kufukia shimo. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo ndipo likapigwa nyundo, na wewe una ufunguo. Na Alhamisi ulikuwa Maili Moja na diski isiyotakiwa kutoka kambini. Niambie mishale uliiona lini."

Lile neno mishale ndilo lililomvunja. Uso ukamshuka, akashika kichwa, na yote yakatoka bila kusukumwa. Alhamisi jioni kompyuta ilianza kusuasua baada ya kuichomeka diski. Akasema si kitu, kopi mbili zipo, akaifuta kompyuta yote na kuiwekea programu upya. Ijumaa Dokta alipoleta diski ya Kibaha, akachomeka kwanza ile ya kambini ili arudishe kazi kwenye kompyuta. Mishale mitupu. Akaogopa, na kwa kuogopa akachomeka ya Kibaha ili aokoe.

"Nikaiona inageuka, moja moja, mbele ya macho yangu. Yote nimeyaua mimi, kwa mkono wangu, kabla ya saa sita. Dokta alishaniambia diski isitoke kambini. Aliniambia zaidi ya mara moja."

"Mbona hukuniambia?" Dokta aliuliza.

"Ningekwambiaje? Hiyo ni kazi yako ya miaka. Nikaona wizi ni bora. Wizi hauna mwenyewe."

"Una mwenyewe," Efrazia alisema. "Yuko kituoni tangu Jumamosi."

Evance alilia. Alisema hakudhani wangemkamata mzee, na walipomkamata kila siku aliazimia kusema kesho. Hiyo kesho ndiyo leo, na kama gari la polisi lisingekuja, ingekuwa kesho nyingine. Efrazia alimsikiliza bila kumwonea huruma wala kumtukana. Aliandika.

Evance alipotaja kwamba vitu amevifukia shimo la pili, Dokta alichukua sepeto mwenyewe. Evance akafuta uso, akaomba achimbe yeye, kwa sababu wengine wakichimba kwa pupa wangeweza kuvipasua. Khalfani akamtazama Efrazia, Efrazia akaitikia kwa kichwa. Kijana aliingia shimoni, akachimba kama alivyofundishwa, tabaka kwa tabaka, akimalizia kwa mwiko mdogo na mikono, mpaka ukatokea mfuniko mweupe wa ndoo ya sampuli. Ilikuwa imefungwa kwa utepe kila upande, na ndani yake kompyuta na diski zote mbili zimezungushiwa nailoni, hata unyevu haukuingia.

Na juu ya mfuniko palikuwa na lebo ya kuchapwa. Shimo la pili. Tabaka la juu. Tarehe ya Ijumaa imejazwa kwa kalamu. Chini, mahali pa mkusanyaji, jina lilikuwa limechapwa tayari, Evance.

Khalfani aliisoma mara mbili. "Huyu mtu anaficha kielelezo, na bado anakiwekea lebo?"

"Sikuwaza," Evance alisema. "Kitu kikiingia ardhini lazima kiwe na lebo."

"Kwa nini hukuzitupa porini, umalize?" Efrazia alimuuliza.

"Sikuweza. Ndani yake kuna kila kitu."

Hapo ndipo Efrazia alipomwomba Jenifa kompyuta yake, akamuuliza kwanza kama ina kitu atakacholilia kikipotea. Jenifa akasema filamu tu. Wakachomeka diski ya Kibaha. Mishale ikatokea, imejipanga. Efrazia alifungua sehemu ya mipangilio kama alivyomwona fundi akifanya, akaweka alama ya vema mahali pa kuonyesha vilivyofichwa, kisha akaondoa nyingine mahali pa kuficha vya mfumo. Chini ya mishale zikajitokeza folda, moja baada ya nyingine, zimepauka kidogo lakini nzima. Jenifa akabonyeza ya juu. Lilikuwemo tanuri, jeusi ndani ya udongo mwekundu, na kipimo cha rangi mbili pembeni yake, na kivuli cha Salumu kimeangukia ukingo wa shimo, kwa kuwa alikuwa amesimama kuwafukuzia ng'ombe.

Dokta Leodegar aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, akawa anacheka na machozi yanamtoka.

Evance hakucheka. "Zilikuwemo?"

"Muda wote," Efrazia alisema.

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

Kijana aliitazama ile mishale. Alikuwa amemfungisha mtu kwa msiba ambao haukuwepo.

Jioni hiyo hiyo walimtoa Salumu. Swaumu aliinuka kwenye benchi akiwa ameshika hotipoti kwa mikono miwili. Dokta alikuwa amekuja na gari kumchukua, na alizungumza mengi, akaomba radhi, akasema kila kitu kimepatikana, na kwamba kuanzia sasa kopi hazitakutana tena sanduku moja hata kwa dakika, ya Kibaha itawekwa sawa Kibaha na ya kambini kambini. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya asione uso wa aliyekuwa akimwambia.

Salumu alimngoja amalize.

"Mashimo yako yana kopi tatu, Dokta. Alhamdulillahi. Jina langu mimi lina kopi moja, nayo mliipasua mbele ya watu." Hakupandisha sauti. "Siwezi kurudi nayo kijijini kwa gari lako, kimyakimya. Irudisheni mlikoipasulia."

Dokta akamgeukia Efrazia kana kwamba polisi ana fomu ya jambo kama hilo. Efrazia akamwambia kwamba sheria itamshughulikia Evance kwa taarifa ya uongo, na hilo halina mjadala. Ila hili lingine halikuwa la sheria, na yeye binafsi aliona mzee amesema haki.

Basi Ijumaa iliyofuata, Evance akiwa nje kwa dhamana, alisimama uwanjani mbele ya msikiti wa kijiji, viatu vya watu vimejipanga kwenye ngazi, watu wenyewe wanatawadha. Dokta Leodegar alisimama upande wake wa kulia. Salumu alikuwa chini kabisa, karibu na barabara, amevaa kanzu, hajaingia. Evance alisema jina lake, akasema alichokifanya, akasema mzee huyu hakuiba kitu na ndiye aliyepiga kelele ya wizi. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye genge la pili. Mwinjuma, aliyekuwa anavua viatu, alibaki na kimoja mkononi.

Efrazia alitazama kutoka garini. Pembeni yake Khalfani alikuwa ameshakunja suruali, akamwambia afande nisubiri, akashuka kwenda kutafuta maji.

Watu walitazamana. Mzee mmoja akageukia mlangoni aseme jambo, lakini halikuwa na haja ya kusemwa. Saidi alikuwa ameshaondoka kwenye kipaza sauti na kusogea pembeni, ameshika waya ili Salumu asijikwae akija kuadhini.